Dozi Moja kwa Siku: Kazi ya Muuguzi katika Tiba ya Uraibu wa Heroini

Heroini ni dawa ya kulevya itokanayo na utomvu wa mmea wa afyuni. Iliundwa kwa mara ya kwanza mjini London mwaka 1874, na mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ikaanza kuiuza kuwa dawa ya kikohozi. Katika pwani ya Afrika Mashariki ilianza kuenea katika miaka ya 1980, na vijana wa Dar es Salaam wakaipa jina la unga. Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki ya kutibu uraibu huo kwa dawa iitwayo methadoni. Hospitali ya Mwananyamala, wilayani Kinondoni, ilifuata mwaka 2012, na ya Temeke mwaka 2014. Makala haya yaeleza kwa nini tiba hiyo huhitaji macho ya muuguzi kila siku.

Uraibu ndani ya mwili

Juu ya chembe za ubongo mna vipokezi ambavyo hupokea kemikali za kutuliza maumivu zinazotengenezwa na mwili wenyewe. Heroini huingia katika vipokezi hivyo kama ufunguo wa bandia uingiavyo katika kufuli. Ikitumiwa mara kwa mara, ubongo huizoea, na kiasi kilichotosha jana hakitoshi leo. Hali hiyo huitwa usugu.

Nguvu ya heroini hudumu saa chache tu. Isipopatikana nyingine, mtumiaji hupiga miayo, hutokwa na kamasi na machozi, huumwa mifupa, huharisha na kusisimkwa ngozi. Mitaani hali hii huitwa arosto. Yafaa ieleweke kwamba mtu aliyefikia hapo hatafuti starehe tena, anakimbia mateso.

Methadoni hukalia vipokezi vilevile, lakini huingia polepole na kutoka polepole. Iliundwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930. Katika miaka ya 1960, Vincent Dole na Marie Nyswander walionyesha mjini New York kwamba dozi moja ya kunywa kila siku yaweza kuzuia arosto bila kumlewesha mgonjwa aliyeizoea. Asiyejidunga hachangii sindano na wenzake, na kwa hiyo huepukana na njia hiyo ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

Hesabu ya dozi

Sifa hiyo ya kutoka polepole ndiyo faida ya methadoni, na ndiyo hatari yake. Tuchukue mfano wa mtu ambaye mwili wake huondoa nusu ya dawa katika saa 24, naye apewa miligramu 30 kila asubuhi. Kiasi kilichomo mwilini mara baada ya dozi kitakuwa hivi:

Siku ya 1: miligramu 30
Siku ya 2: 15 + 30 = 45
Siku ya 3: 22.5 + 30 = 52.5
Siku ya 4: 26.25 + 30 = 56.25
Siku ya 5: takriban 58

Dozi haikubadilika, lakini dawa iliyomo mwilini imekaribia maradufu. Dozi iliyokuwa salama siku ya kwanza yaweza kumzidi mtu siku ya nne. Ndiyo sababu majuma mawili ya mwanzo ni ya hatari kuliko mengine.

Daktari ndiye apangaye dozi, lakini muuguzi ndiye amwonaye mteja kila siku. Kabla ya kikombe kutolewa, muuguzi humtazama: Je, anasinzia? Mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano? Pumzi zake ni ngapi kwa dakika? Amekunywa pombe? Akiona dalili ya kulewa, husimamisha dozi na kumwita daktari. Mteja humeza mbele yake, kisha hutakiwa kunywa maji na kusema neno, ili ithibitike kwamba dawa haikubaki kinywani.

Pumzi zikipungua mno, hutolewa nalokisoni, ambayo huiondoa dawa katika vipokezi. Hata hivyo nguvu ya nalokisoni huisha mapema kuliko ya methadoni. Aliyezinduka hana budi kuangaliwa kwa muda mrefu, maana aweza kuzama tena.

Umbali na siku zilizokosekana

Mkazi wa Mbezi Beach anayetibiwa Mwananyamala hana budi kufuata barabara ya Bagamoyo hadi mjini, na kurudi, kila siku, Jumapili zikiwamo. Nauli ikikosekana, kiwango cha dawa hushuka. Katika mfano wetu, aliyefikia miligramu 60 atakuwa na 30 baada ya siku moja, 15 baada ya mbili, na 7.5 baada ya tatu. Usugu nao hupungua. Akirudi na kupewa dozi kamili, au akitumia heroini kwa kipimo chake cha zamani, aweza kufa. Kwa sababu hiyo, aliyekosa siku tatu mfululizo hupimwa upya kabla ya kupewa dozi.

Swali la muuguzi, "Jana ulikuwa wapi?", ni swali la kitabibu. Likiulizwa kwa ukali, mteja atadanganya, na hesabu yote itaharibika. Aidha, muuguzi huuliza juu ya dawa nyingine. Rifampisini, itumikayo kutibu kifua kikuu, hulifanya ini liivunje methadoni upesi, na arosto hurudi ingawa dozi ni ileile.

Mitaani neno "mteja" limefupishwa kuwa "teja" na kugeuzwa tusi. Hospitalini lina maana yake ya asili: mtu mwenye haki ya kuhudumiwa.

Zoezi

Watu hawalingani katika kuondoa methadoni mwilini. Wanafunzi warudie hesabu kwa mtu ambaye mwili wake huchukua saa 36 kuondoa nusu ya dawa. Baada ya siku moja hubakiwa na takriban asilimia 63. Wataona kwamba, kwa miligramu 30 zilezile, kiasi mwilini hukaribia 81. Chupa haina alama ya kuwatofautisha watu hao wawili. Tofauti huonekana kwa kumtazama mtu mwenyewe.