Je, Wajua? Asali Si ya Kila Kinywa

Je, wajua kwamba mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 hapaswi kulambishwa asali hata tone, iwe ya dukani au ile mbichi ya mizinga ya Tabora? Asali huweza kubeba vijimbegu vya bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Mtu mzima hula asali hiyo na asidhurike. Utumbo wa mtoto mchanga haujakomaa, hivyo vijimbegu huchipua humo na kutoa sumu inayolegeza misuli. Ugonjwa huo huitwa botulizimu.

Je, wajua kwamba kuichemsha hakusaidii? Vijimbegu hivyo haviuawi na maji yanayochemka, kwa hiyo asali ndani ya uji ni hatari ile ile. Mwaka 2018, jimboni Texas, Marekani, watoto wanne waliugua baada ya kunyonya chuchu bandia zenye asali ndani.

Je, wazijua dalili? Mara nyingi huanza kwa kukosa choo. Kisha kilio hufifia, kunyonya kunakuwa kwa shida, kope zinashuka, na ukimwinua kichwa kinaanguka upande. Usingoje kuche, maana hata misuli ya kupumua hulegea. Mkimbize hospitali na umwambie daktari kama amelambishwa asali. Bibi aliyechovya kidole akamwonjesha mjukuu alifanya kwa mapenzi. Asione haya kusema.

Je, wajua kwamba mama anayenyonyesha anaweza kula asali? Botulizimu haipiti kwenye maziwa yake.

Je, wajua kwamba kijiko kikubwa kimoja cha asali kina takriban gramu 17 za sukari? Mwenye kisukari asidanganywe na neno “asilia”: asali nayo hupandisha sukari ya damu.

Je, wajua kwamba takriban mwaka 400 KK askari wa Kigiriki wa kamanda Xenophon walikula asali karibu na Trabzon, Uturuki ya leo, wakatapika, wakaharisha na kushindwa kusimama? Nekta ya maua ya rododendroni ya huko ina sumu inayopunguza mapigo ya moyo na kushusha presha. Hadi leo asali hiyo hulaza watu hospitalini.

Mwenye mzio wa chavua naye awe macho: midomo ikivimba au pumzi ikibana, aiache na atafute matibabu mara moja.

Mtoto akishapita mwaka mmoja, kijiko kidogo cha asali humtuliza kikohozi. Kabla ya hapo, mama, baba, bibi, tafadhali chupa ikae mbali naye.