Ulinzi wa Umbo la Kifaa Tiba Zanzibar

Fundi wa Unguja akibuni mkongojo wenye umbo jipya, Sheria ya Miliki ya Viwanda ya Zanzibar, Namba 4 ya mwaka 2008, humwezesha kulisajili umbo hilo kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali. Usajili wa Tanzania Bara haumlindi Zanzibar, kwani miliki ya viwanda si jambo la Muungano. Duka la Mji Mkongwe likiuza nakala bila idhini yake, mahakama yaweza kuzuia uuzaji na kuamuru fidia. Hata hivyo, kinacholindwa ni sura, si utendaji. Uvumbuzi wa kiufundi huombewa hataza. Wala usajili hauthibitishi usalama: kila mkongojo, wa asili au ulioigwa, hauna budi kupimwa kabla ya kuegemewa na mgonjwa.