Tiketi za Mkapa na Kasarani zinavyosakwa kutoka Muyinga kwa baruapepe

GITEGA, Burundi – Mfanyabiashara wa Gitega au Muyinga anayefuata mzigo Kariakoo huwa amepiga hesabu ya kila kitu: nauli, ushuru wa Kobero, chumba cha kulala, hata chai ya njiani. Kitu kimoja humponyoka. Akifika Dar es Salaam siku ambayo Simba na Yanga wanakutana Uwanja wa Benjamin Mkapa, tiketi za bei ya chini huwa zimekwisha, na zilizobaki ziko mikononi mwa walanguzi.

Si kwamba hapendi kupanga mapema. Habari ndiyo humfikia imechelewa. Tangazo la kuanza kuuzwa tiketi hutolewa Dar es Salaam au Nairobi, husambaa kwanza miongoni mwa watu wa huko, na likifika soko la Muyinga limeshakuwa hadithi. Hapo ndipo arifa ya baruapepe ina faida: humfikia aliyejiandikisha Muyinga dakika ile ile inayomfikia wa Kinondoni.

Zamani pengo hili halikuuma sana, kwa sababu mtu aliweza kununua karatasi yake mlangoni. Mambo yamebadilika. Agosti 2025, Kenya, Tanzania na Uganda zilipoandaa mashindano ya CHAN, vurugu za malangoni Kasarani ziliifanya CAF iagize kuwa mechi ya Kenya na Zambia ya Agosti 17 iingize watazamaji 27,000 tu, na wote wawe na tiketi za kielektroniki. Aliyezoea kufika uwanjani na noti mfukoni hakuwa na la kufanya.

FIFA nayo, Septemba mwaka huo huo, ilianza kuuza tiketi za Kombe la Dunia la 2026 kwa bahati nasibu. Maombi yalizidi milioni 4.5, na waliobahatika walijulishwa kwa baruapepe siku na saa yao ya kuingia kununua. Asiyefungua barua alipitwa na zamu yake. Kwa kuwa nchi zile zile tatu za Afrika Mashariki zilipewa uenyeji wa AFCON 2027, wenye nia ya kwenda wana sababu ya kuzoea utaratibu huu mapema.

Kazi yenyewe huanzia kwenye simu. Wengi wana anwani ya Gmail waliyofunguliwa na fundi siku waliyonunua simu, na neno la siri hawalikumbuki. Hiyo irekebishwe kwanza. Kisha mtu ajiandikishe kwa muuzaji mwenyewe, yaani tovuti rasmi ya shirikisho, klabu au kampuni iliyopewa kazi ya kuuza, na achague kupokea taarifa. Huduma ya Google Alerts, ambayo ni ya bure, inaweza kuongezwa: unaandika maneno kama “tiketi Benjamin Mkapa” na kuletewa habari mpya zinazoyataja. Ila hiyo hukamata habari zilizokwisha kuchapishwa. Haiwezi kumshinda muuzaji kwa kasi.

Barua za namna hii zina tabia ya kuangukia kwenye folda ya matangazo au ya taka. Ikifika ya kwanza, iondolewe huko na anwani yake ihifadhiwe, la sivyo ya pili, ambayo huenda ndiyo yenye saa ya mauzo, itajificha vilevile.

Na hiyo saa nayo ina mtego wake. Burundi iko nyuma ya Tanzania na Kenya kwa saa moja. Mauzo yakitangazwa kufunguliwa saa 4 asubuhi Nairobi, Muyinga ni saa 3. Anayesubiri saa nne yake atakuta wenzake wameshanunua kwa saa nzima.

Lakini arifa haikulipii. Tovuti nyingi za kanda hii hutaka kadi ya benki au pesa za simu za nchi husika, na mwenye Lumicash au EcoCash pekee anaweza kufika ukurasa wa malipo akakwama. Wenye kadi inayokubalika nje waijaribu mapema kwa kitu kidogo. Wengine watamtegemea mteja au jamaa wa kuaminika Ngara au Dar es Salaam, lakini makubaliano hayo yafanyike kabla ya siku ya mauzo, si wakati dakika zinakimbia.

Matapeli nao hutuma baruapepe. Jina la mtumaji linaweza kuandikwa lolote. Cha kutazama ni anwani kamili, hasa kinachofuata alama ya @. Na tiketi ya msimbo isirushwe kwenye kundi la WhatsApp kwa majigambo, kwani anayeukaguza kwanza mlangoni ndiye anayeingia.

Gitega penyewe, onyesho kubwa kuliko yote halihitaji haya. Ngoma za Gishora, utamaduni ambao UNESCO iliuingiza katika orodha yake mwaka 2014, mtu huzifuata kwa miguu yake na kulipa pale pale.

Kwa safari ya mbali, hatari iliyobaki haizuiwi na arifa yoyote. Machi 8, 2025, mechi ya Yanga na Simba iliahirishwa siku ile ile ya mchezo, ikaja kuchezwa Juni 25. Shabiki wa Dar es Salaam alirudi nyumbani kwa daladala. Aliyetoka Muyinga, zaidi ya kilomita 1,000, na tena katika nyakati za uhaba wa mafuta Burundi, nauli yake ilikuwa imekwenda, isipokuwa kama alikuwa na orodha ya mzigo mfukoni na asubuhi yake akaingia Kariakoo kununua.