Je, Wajua? Boti, Viza na Jamaa wa Miami

Kwa zaidi ya miaka 60, Wakuba walio uhamishoni Florida wamerudia kuulizana jambo lilelile: ndugu yangu amekwama kisiwani, viza haipatikani, na yuko mtu mwenye boti anayetaka pesa. Nimlipe au nisimlipe?

Je, wajua kwamba safari yenyewe ni fupi? Kutoka Kuba hadi Key West, mji wa mwisho kusini mwa Florida, ni kilomita 145 hivi, kama kwenda Unguja kutoka Dar es Salaam na kurudi. Hatari ni mkondo wa Gulf Stream unaopita katikati. Chelezo kisicho na injini husukumwa kaskazini na mashariki, na anayeikosa Florida hukutana na Atlantiki nzima.

Je, wajua kwamba mlango wa kwanza ulifunguliwa na kiongozi wa Kuba, Fidel Castro, mwenyewe? Septemba 1965 alitangaza kwamba Wakuba wa Marekani wanaweza kuja na boti kuchukua jamaa zao katika bandari ndogo ya Camarioca. Jiji la Miami, Florida, likakodi kila chombo kinachoelea. Punde serikali mbili zikaafikiana kutumia ndege, na kati ya Desemba 1965 na 1973 zaidi ya watu 250,000 walisafirishwa kutoka Varadero, Kuba, hadi Miami. Ndege zilipoanza kuruka, boti zilikosa abiria.

Je, wajua kwamba kuna sheria ya Wakuba peke yao? Rais Lyndon Johnson aliitia saini tarehe 2 Novemba 1966. Mkuba aliyeruhusiwa kuingia Marekani anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya mwaka mmoja. Kwa hiyo kufika tu kulikuwa na thamani kubwa, na chenye thamani kubwa hakikosi mchuuzi.

Je, wajua yaliyowapata manahodha wa Mariel? Aprili 1980 zaidi ya watu 10,000 walijazana katika ubalozi wa Peru mjini Havana. Castro akafungua bandari ya Mariel, na hadi Oktoba watu wapatao 125,000 walikuwa wamevuka. Mtu alitoka Miami kumfuata mama na dada zake. Alipofika aliamriwa apakie na wasiomhusu, baadhi yao wametolewa magerezani, la sivyo arudi mikono mitupu. Alipotia nanga Florida, serikali ya Marekani nayo ilimngoja na faini, au ikakishikilia chombo chake. Nahodha huyo alikuwa mwokozi kwa familia yake na mhalifu kwa serikali, katika safari ileile moja.

Je, wajua kwamba kumwokoa ndugu kulimsaidia adui? Hapa ndipo penye utata mkubwa wa siasa za uhamishoni. Mwaka 1965, 1980 na tena 1994, Havana ilifungua njia ya bahari wakati joto la ndani lilipopanda. Wenye hasira wakaondoka, waliobaki wakatulia. Mkuba wa Miami aliyetaka utawala ule uanguke alijua kwamba kila boti anayoilipia inampunguzia Castro mpinzani mmoja. Hata hivyo alilipa. Nani atamwambia mama yake abaki ili aandamane?

Je, wajua kwamba Agosti 1994 ilibadili kila kitu? Baada ya ghasia za tarehe 5 katika barabara ya Malecón mjini Havana, zaidi ya watu 30,000 walijitosa baharini kwa vyelezo vya mbao, mapipa na mipira ya matairi. Rais Bill Clinton aliagiza wapelekwe kambi ya Guantánamo badala ya Florida. Kisha yakaja makubaliano na Kuba: Marekani itoe nafasi zisizopungua 20,000 za uhamiaji kwa mwaka, na kuanzia 1995 anayekamatwa majini arudishwe. Aliyegusa nchi kavu aliachwa akae.

Je, wajua kwamba kanuni hiyo ilizua kesi ya nguzo za daraja? Januari 2006 Wakuba 15 walifika kwenye daraja kuukuu la Seven Mile Bridge, Florida. Kipande walichopanda kilikuwa kimekatika na hakikuungana na nchi kavu. Walinzi wa Pwani wakaamua kwamba hao bado wako majini, wakawarudisha Kuba. Mwezi uliofuata jaji wa shirikisho alisema walionewa. Mwaka 2016 wengine walipanda mnara wa taa wa American Shoal, ulio baharini. Safari hii jaji aliamua kwamba mnara si nchi kavu.

Na lori lililoogelea? Julai 2003 watu 12 walilifunga mapipa lori la Chevrolet la mwaka 1951, wakatia propela, wakang'oa nanga. Walikamatwa wakiwa wamebakiza kilomita 65 hivi. Walirudishwa kwao, na lori likazamishwa.

Je, wajua kwamba kanuni ya nchi kavu ndiyo iliyomtajirisha mvushaji? Kama kukamatwa majini ni kurudishwa na kugusa mchanga ni kubaki, basi kinachouzwa ni kasi. Chelezo kikaachia nafasi boti yenye injini tatu au nne, mara nyingi iliyoibwa Florida kwenyewe. Katika miaka ya 2000 bei iliyotajwa sana ilikuwa dola 8,000 hadi 10,000 kwa mtu mmoja. Mshahara wa serikali Kuba wakati huo ulikuwa kama dola 20 kwa mwezi. Piga hesabu: abiria hawezi kulipa. Anayelipa yuko Miami, na mara nyingine humaliza deni wakati jamaa yake akiwa bado amefungiwa ndani ya nyumba ya wavushaji. Mwendesha mashtaka akitafuta shahidi anakutana na huyo huyo mlipaji, ambaye ana kila sababu ya kunyamaza.

Je, wajua kwamba hata nyota wa besiboli aliwekwa rehani? Mwaka 2012 Yasiel Puig alivushwa hadi Isla Mujeres, Meksiko, akashikiliwa hotelini huku wavushaji wakidai malipo yao kwa watu wa Miami. Mwezi Juni mwaka huohuo alisaini mkataba wa dola milioni 42 na Los Angeles Dodgers.

Je, wajua mjomba anahesabiwaje kisheria? Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu magendo ya wahamiaji, iliyopitishwa mwaka 2000 na kuanza kutumika 2004, inamlenga anayevusha watu kwa ajili ya fedha au faida ya mali. Anayemvusha mpwa wake bure hayumo, na mhamiaji mwenyewe hashtakiwi kwa kuvushwa. Sheria ya Marekani ni kali zaidi. Anayemficha au kumsafirisha asiye na kibali anaweza kufungwa hadi miaka 5 hata kama hakupata senti. Akifanya kwa faida, hadi 10. Mtu akifa, ni kifungo cha maisha au hata adhabu ya kifo.

Na upande wa Kuba? Aprili 2003 kivuko Baraguá kilitekwa katika ghuba ya Havana kipelekwe Florida, mafuta yakaisha njiani. Siku chache baadaye watekaji watatu walihukumiwa na kupigwa risasi.

Je, wajua kwamba Wahaiti walipita bahari hizohizo kwa kanuni nyingine? Tangu 1981 Marekani ilizuia boti zao katikati ya bahari. Mwaka 1992 Rais George H. W. Bush aliamuru warudishwe bila hata kusikilizwa maombi ya hifadhi, na mwaka 1993 Mahakama ya Juu ikaafiki kwa kura 8 dhidi ya 1. Mjini Miami Wahaiti na Wakuba ni majirani. Mkuba akifika ufukweni alipewa njia ya ukaazi, Mhaiti aliwekwa kizuizini.

Je, wajua kwamba kanuni ya nchi kavu imeshakufa? Rais Barack Obama aliifuta tarehe 12 Januari 2017. Mwaka wa fedha wa 2022 Walinzi wa Pwani waliwazuia Wakuba 6,182 baharini, na zaidi ya 220,000 walifika mpaka wa Meksiko, wengi wakianzia Nikaragua iliyokuwa imewaondolea viza Novemba 2021.

Na wajua kilichopunguza boti? Januari 2023 Marekani iliruhusu mdhamini aliye nchini humo kujaza fomu, kuonyesha kipato chake na kumleta jamaa yake kwa ndege. Boti zilizokamatwa zikapungua haraka, kama zilivyopungua mwaka 1965. Mpango huo ulifutwa 2025. Wavushaji hukamatwa, hufungwa na huja wengine, lakini bei ya boti haijawahi kupangwa na wao peke yao. Kwa miaka 60 imepanda na kushuka kufuata saa za kufunguliwa kwa ofisi ya viza.