Ngoja Chai Ipoe: Mazungumzo Juu ya Saratani na Mazoea ya Nyumbani



Katika nchi ya Mbulu, na vile vile chini ya mlima Hanang, miezi ya Juni na Julai huwa na baridi kali. Alfajiri ukungu hufunika vilima, na mtu atokapo kitandani, jambo la kwanza alitakalo ni moto wa kuni na kikombe cha chai ya maziwa. Mgeni naye akibisha hodi hupewa chai, tena hupewa ingali ikitoa mvuke, maana chai iliyopoa ni kana kwamba mwenyeji hakufurahi kumwona. Desturi hiyo ni njema, wala sikuja kuivunja. Nimekuja kuomba neno dogo tu: chai na itolewe ya moto, lakini isinywewe mpaka ipoe kidogo. Sababu yake ndiyo habari ya leo.

Njia ipitishayo chakula toka kooni hata tumboni huitwa umio. Kwa mtu mzima urefu wake ni yapata sentimita 25, na ndani yake umefunikwa ngozi laini kama ile ya ndani ya shavu. Katika umio huo huweza kutokea saratani, ugonjwa ambao wengine huuita kansa. Saratani ya umio haiambukizi. Mtu akila sahani moja na mgonjwa hapati neno. Mwili wetu umejengwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo huzeeka na kufa, na nyingine huzaliwa mahali pake, kila kitu kwa kipimo chake. Saratani ni chembe zilizoasi. Huzaliana pasipo kipimo, hukusanyika kuwa uvimbe, kisha huweza kusafiri na kufanya makao mahali pengine mwilini.

Saratani ya umio huonekana zaidi katika ukanda wa mashariki ya Afrika, toka Ethiopia, kupita Kenya na Tanzania, hata Malawi na Afrika ya Kusini, kuliko katika sehemu nyingi za dunia. Mgonjwa huanza kwa kukwamwa na tonge la ugali au kipande cha nyama. Hunywa maji, tonge likashuka, akasahau. Baada ya muda ugali haupiti tena, hula uji. Mwisho hata uji na maji humshinda, naye hukonda mbele ya macho ya watoto wake. Wengine husema amelogwa, wakazunguka huku na huku mpaka uvimbe umekwisha kuziba njia. Hapo daktari huweza kumpunguzia taabu, lakini kumponya ni kazi ngumu sana. Kwa hiyo yafaa tufikiri habari za ugonjwa huu mapema, tungali wazima.

Ugonjwa huu hauna sababu moja tu. Mambo kadhaa hushirikiana, na mengi yao yamo katika mazoea yetu ya kila siku. Basi tuifuate siku moja ya nyumbani, toka asubuhi hata usiku, tuyatazame.

Asubuhi ni chai. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo makao yake yako Lyon katika nchi ya Ufaransa, lilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, yaani vilivyopita digrii 65 za sentigredi, yamkini huleta saratani ya umio. Angalieni, hawakuishitaki chai yenyewe, wala kahawa. Walichokishitaki ni moto wake. Ngozi ya umio ikiunguzwa leo, na kesho, na kesho kutwa, chembe zake hulazimika kuzaliwa upya mara nyingi, na katika kuzaliwa huko makosa huweza kuingia. Tena ngozi iliyojeruhiwa huwa kama ukuta wenye nyufa: sumu nyingine hupenya kwa urahisi.

Labda mtu atasema, "Habari hiyo ni ya Ulaya, si yetu." La, hata kidogo. Wachunguzi walikwenda mkoani Kilimanjaro, wakapima joto la chai ambayo watu walikuwa wakiinywa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Funda la kwanza lilinywewa, kwa wastani, chai ikiwa na digrii 70 na zaidi kidogo. Wakaona pia kwamba wanywaji wa chai ya maziwa walikunywa ya moto zaidi kuliko wanywaji wa chai ya rangi, maana chai ya rangi hupoa upesi, lakini maziwa hushika joto. Na chai yetu sisi wa Mbulu na Hanang ni ipi, kama si hiyo ya maziwa?

Wanafunzi wamefundishwa kwamba maji huchemka katika digrii 100. Hesabu hiyo ni ya pwani. Kwetu vilimani hewa ni nyepesi, na maji huchemka yapata digrii 93 au 94. Lakini mtu asijifariji kwa hayo, kwa kuwa toka 94 hata 65 ni mbali bado. Kama shule yenu ina kipimajoto cha kupimia maji, jazeni vikombe viwili vilivyo sawa, kimoja chai ya rangi na kimoja chai ya maziwa, mkaandike joto lake kila dakika 2. Mtajionea wenyewe kipi hupoa kwanza, na dakika ngapi hupita kabla ya kushuka chini ya 65.

Na asiye na kipimajoto afanyeje? Anacho mdomoni mwake. Ukiona yakubidi kuvuta hewa pamoja na chai, au kuipuliza kabla ya kila funda, umeanza mapema mno. Weka kikombe chini, amkianeni, ulizaneni habari za ng'ombe na za mvua. Mazungumzo yenyewe yataipoza. Mwenye haraka na aimimine toka kikombe hata kikombe, kama mama anavyompoza mtoto uji. Na uji vile vile uhesabiwe, maana moto ni moto.

Baada ya chai ni moshi. Nyumba zetu nyingi hupikia kuni, na moshi hutanda ndani kwa ajili ya baridi. Ndani ya moshi huo mna sumu za namna ile ile zilizomo katika moshi wa tumbaku. Anayeuvuta zaidi ni mama apikaye na mtoto aliye mgongoni. Wataalamu wameuhesabu moshi wa kuni ndani ya nyumba kuwa yamkini huleta saratani, na kuhusu vichomi vya watoto hapana shaka kabisa. Kausheni kuni barabara kabla ya kuzitumia, fungueni dirisha au tundu juu ya meko, na siku isiyo na mvua pikieni nje au katika banda lililo wazi.

Mchana ni ugali, na hapa sitasema juu ya umio, bali juu ya ini. Mahindi na karanga zikiwekwa ghalani na unyevu huota ukungu, na namna fulani za ukungu hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo ikiliwa kidogo kidogo miaka mingi huleta saratani ya ini, hasa kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini ya B. Ikiliwa nyingi kwa mara moja huua upesi. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumu hii, na 20 kati yao wakafa. Kupika hakuiondoi. Kwa hiyo msiyaanike mahindi juu ya udongo mtupu, bali juu ya turubai au mkeka. Chagueni, mkatupe punje zilizooza; msizisage, wala msizifanyie pombe. Na kujua kama mahindi yamekauka, twaeni chupa kavu ya kioo, tieni punje kidogo na chumvi kavu, mkaitikise. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado yana unyevu; rudisheni juani.

Jioni ni pombe na tumbaku. Juu ya hizi mbili wataalamu hawasemi "yamkini", husema "hakika". Pombe huleta saratani ya mdomo, ya koo, ya umio, ya ini na nyinginezo, iwe ya mtama, ya asali, ya kiwanda au gongo. Tumbaku vile vile. Wazee wangu, msidhani kwamba ugoro umesalimika kwa kuwa hautoi moshi; tumbaku isiyovutwa kwa moto nayo huleta saratani ya mdomo na ya umio. Na mtu akizitumia zote mbili, pombe na tumbaku, hatari yake huzidi kuliko hatari ya moja moja. Mzee aliyezoea miaka 40 sitamwambia kwamba kuacha ni rahisi. Lakini namwomba asimtume mjukuu kumwashia sigara, wala asimpe mtoto kuonja kibuyu.

Hayo ndiyo mazoea ya kupunguza. La kuongeza nalo lipo: mboga za majani na matunda, kila siku ikiwezekana. Mtu ale kwanza ya bustani yake mwenyewe, kisha auze yanayosalia.

Sasa nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba kila anywaye chai ya moto atapata saratani, wala kwamba asiyekunywa pombe hataugua kamwe. Wako wenye mwenendo mwema walioshikwa na ugonjwa huu, na si haki kumwuliza mgonjwa, "Ulifanya nini?" Nisemalo ni kwamba tabia hizi hupunguza hatari, kama vile mfuniko wa kisima upunguzavyo kutumbukia, ijapokuwa haukomeshi ajali zote.

Na ikiwa tonge limeanza kukwama, tena na tena, usingoje mpaka maji yakwame. Nenda zahanati, kisha hospitali. Watu wa Mbulu na Hanang wanayo ya Kilutheri pale Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, na wenye kuhitaji matibabu makubwa zaidi hupelekwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, au Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Daktari huweza kupitisha mpira mwembamba wenye taa na kuutazama umio kwa ndani. Uvimbe uonekanao ungali mdogo una nafasi kubwa zaidi ya kutibika.

Wazee watasema, "Baba zetu walikunywa chai ya moto, wakaishi." Kweli, wengi waliishi. Lakini katika kila kijiji yuko aliyekufa kwa njaa ilhali chakula kimo ndani ya nyumba, kwa kuwa hakikuweza kupita. Huyo hakupata mtu wa kumwambia. Sisi tumeambiwa, na tulichoombwa si fedha wala dawa, ni kungoja dakika chache tu.

Basi kesho asubuhi, kikombe kikiwekwa mbele yako, mshukuru aliyekipika, kiweke chini, na umsalimu aliye karibu nawe. Chai itakungoja. Kwaherini.