Kukagua Trekta Lililotumika: Safari Yetu ya Ruiru na Thika

Wasomaji wetu watukufu, juma hili twaomba radhi kuiweka kando mada ya malezi tuliyoizoea, tupate kuwasimulia habari ya chuma. Msiidharau. Ndani yake mna fedha za watu kumi na mmoja, na miongoni mwao yumo bibi mjane aliyeuza bangili zake mbili ili atie sehemu yake katika mchango wetu.

Sisi jamaa wa ukoo mmoja tuna shamba la minazi upande wa Msambweni, pwani ya kusini. Baina ya safu na safu pana nafasi ya muhogo, kunde na mahindi. Nafasi hiyo hulimwa kwa jembe la mkono, au kwa trekta kubwa la kukodi ambalo hutufikia masika yakiwa yamekwisha kupita nusu, na likija hukata mizizi na kuchubua magome kwa upana wake. Ndipo vijana waliposhauri tununue trekta dogo la nguvu za farasi 20 hadi 30, lipitalo baina ya miti bila ya kuidhuru. Jipya hatuliwezi. Kwa hivyo likawa ni lile lililokwisha kutumika.

Yatupasa kwanza tukiri aibu yetu. Hii ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza tulinunua kwa picha za simu: rangi nyekundu ing'aayo, tairi nyeusi tititi, na maneno matamu. Tulituma fedha, trekta likaja juu ya lori, na kabla ya miezi miwili kutimia lilikuwa linakunywa oili kama linavyokunywa dizeli. Tulipompigia aliyetuuzia, alituambia mali ikishauzwa imeuzwa. Mwisho wake ulikuwa ni kuuza chuma kwa kilo.

Na sisi ndio tunaosomesha watoto wa watu mlango wa bei! Katika Minhaji ya Imam Nawawi, ambayo wengi wetu pwani tumeipitia mbele ya mashekhe, kauli yenye nguvu ni kwamba kuuza kitu kisichoonekana na mnunuzi hakusihi. Tuliisoma, tukaifasiri, kisha tukatuma fedha kwa kitu ambacho macho yetu hayakupata kukiona. Picha haina uvundo wa oili iliyoungua, wala haitoi sauti.

Basi safari hii tulifunga mizigo. Tulipanda treni Miritini mpaka Nairobi, tukalala kwa jamaa, na alfajiri tukashika barabara ya Thika. Tulikuwa watatu: sisi tuliokabidhiwa amana, kijana wa ndugu yetu ajuaye kuendesha, na fundi mmoja mkaazi wa Thika tuliyeelekezwa na watu wa msikitini. Huyu bwana ameshughulika na matrekta ya mashamba ya kahawa na mananasi tangu ujanani mwake. Sharti lake lilikuwa moja tu: mwenye mali aambiwe asiiwashe injini kabla hatujafika.

Kwa nini Ruiru na Thika? Kwa sababu huko kilimo na viwanda vimekaa mlango kwa mlango. Ruiru ndiko iliko taasisi ya utafiti wa kahawa, na Thika ni mji wa mananasi na wa mafundi wa chuma. Tena mashamba mengi ya kahawa upande huo yamegeuka kuwa majumba, na palipokuwa na miti sasa pana mitaa, hivyo vyombo vilivyolima baina ya mistari ya kahawa vyatafuta mabwana wapya. Zaidi ya hivyo, ziko yadi zinazouza matrekta madogo yaliyotoka Japani, Kubota, Yanmar na Iseki, yakiwa yamekwisha kufanya kazi ya ujana wao kule kwao.

Tulianza na yadi ya Ruiru. Trekta lilikuwa zuri wa kutazamwa. Fundi hakutazama rangi. Alikwenda moja kwa moja akaweka kiganja ubavuni mwa injini, kisha akatuita nasi tuweke. Ilikuwa na uvuguvugu.

"Sheikh, huyu ameshaamshwa," alisema kwa sauti ya chini.

Maana yake ni nini? Injini ya dizeli iliyochoka huficha ugonjwa wake ikiwa na joto. Ubaridi ndio huifichua: pistoni zilizolika hushindwa kukaza hewa, nozeli mbovu hutema dizeli vibaya, na betri dhaifu haizungushi. Mwenye kuiwasha kabla ya mgeni kufika huenda hana nia mbaya, lakini amekuondolea ushahidi ulio mkubwa kuliko wote. Tulikikumbuka kile kisa cha Mtume (s.a.w.) sokoni, alipotia mkono ndani ya rundo la chakula, vidole vikapata umajimaji ambao juu haukuonekana. Mkono hujua yasiyojulikana na jicho.

Mita ya saa za kazi ilionyesha saa 900 na kitu. Matrekta hayahesabiwi kwa kilomita bali kwa saa, na saa 900 kwa injini ya dizeli iliyotunzwa ni utoto. Lakini mpira wa pedeli ya klachi ulikuwa umelika hata chuma kinang'aa, usukani umekuwa laini kama tasbihi ya mzee, na matundu ya mikono ya nyuma inayobeba jembe yamevutika kuwa marefu kama yai. Mita huweza kukatwa waya au kubadilishwa. Pedeli haidanganyi.

Kisha fundi akaomba idhini ya kulegeza nati ya chini ya ekseli ya mbele. Mwenye yadi akasitasita, akakubali. Kilichotangulia kutoka hakikuwa oili, kilikuwa maji. Na oili ya gia, alipochomoa kijiti cha kupimia, ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tulielezwa kwamba mengi ya matrekta haya yamelima majaruba ya mpunga, magurudumu yakizama matopeni siku nzima. Sili za ekseli zikichoka, maji huingia, na bearingi na meno ya gia huanza kuliwa na kutu kutoka ndani, kimyakimya. Tena yalitengenezwa kwa ajili ya soko la nyumbani kwao, maandishi yake ni ya Kijapani, na vipuri vya baadhi ya mifano yake hutafutwa kama lulu. Ndiyo sababu yampasa mnunuzi aandike namba ya mfano na kwenda kuuliza duka la vipuri kabla ya kuuliza bei.

Mwenye yadi alisema linauzwa kama lilivyo. Tulimshukuru kwa chai yake, tukaondoka. Kijana wetu alinuna njia nzima mpaka Thika, kwani moyo wake ulikuwa umekwisha kulipenda lile trekta.

La Thika lilikuwa la mzee mmoja aliyestaafu, mwenye shamba la kahawa lililobaki kipande. Halikuwa na uzuri wowote. Rangi imepauka, kiti kimeshonwa kwa gunia. Injini ilikuwa baridi kama jiwe la kisima. Kabla hatujauliza neno, mzee alisema: "Wageni, mikono yake ya nyuma hushuka polepole ikibeba kitu, na breki ya kushoto ni dhaifu. Mengine tazameni wenyewe."

Twasema kweli, maneno hayo yalitutuliza, lakini hayakutuzuia kukagua. Ukweli wa mtu haukagui chuma.

Ilipowashwa ilitoa moshi mweupe kidogo, ukakoma injini ilipopata joto. Huo si ila. Moshi wa buluu usiokoma ndio uliotuua mara ya kwanza, kwani ni oili inayopenya penye ringi. Mweusi ukitoka trekta likivuta mzigo, tazama kwanza chujio la hewa, kisha nozeli. Na mweupe usiokoma, huku maji ya rejeta yakipungua, huashiria gasketi ya silinda. Fundi alifungua kifuniko cha oili injini ikinguruma: ingepumua kwa nguvu kama kifua cha mwenye pumu, tungerudi zetu. Haikupumua. Kijana akatia gia kubwa, akakanyaga breki, akaachia klachi taratibu, na injini ikazimika. Hivyo ndivyo itakikanavyo. Lau ingeendelea kunguruma trekta limesimama, klachi ingekuwa imekwisha.

Kuhusu mikono ya nyuma, walitundika plau na magunia mawili ya mchanga, wakainua, wakazima injini, na fundi akaweka alama kwa chaki. Baada ya dakika kumi ilikuwa imeshuka kiasi cha upana wa kiganja. Alisema ni sili ya pistoni ya haidroliki, kazi ya siku moja. Muda mrefu zaidi aliutumia pale injini inapoungana na gia, akipitisha kidole na kurunzi. Trekta dogo halina fremu kama lori. Injini na gia ndizo uti wa mgongo wake, na ufa au weldi mahali hapo ni jambo la kukufanya uage. Tairi za nyuma zilikuwa na nyufa ndogo, nasi tukazitoa katika bei. Chuma cha kumkinga dereva trekta likipinduka hakikuwapo, na hilo pia tukalihesabu, maana uhai wa kijana wetu haununuliwi.

Hapa pana jambo la kuchekesha. Tulisogea karibu kuitazama shafti ya nyuma izungushayo zana, ile mafundi waiitayo PTO, nasi tumevaa kanzu. Fundi akatushika bega akatuvuta nyuma kwa nguvu ambayo mtoto wa watu hamshiki nayo sheikh. Shafti hiyo huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa sekunde moja. Ikidaka upindo wa kanzu, haina subira ya mtu kutamka shahada. Kifuniko chake kilikuwa kimevunjika, tukakiandika nacho.

Likabaki swali la umiliki, ambalo wengi hulipuuza. Namba ya chesisi na ya injini tulizisoma kwenye chuma chenyewe, tukazilinganisha na logibuku, kisha kijana akalitafuta trekta katika rekodi za NTSA kwa simu, tukaona jina ni la mzee yule yule mwenye kitambulisho tulichokishika. Lakini mali huweza kuwa ni ya mtu na bado imewekwa rehani. Tangu sheria ya 2017 juu ya dhamana za mali zinazohamishika, iko sajili inayoonyesha kama chombo kimewekewa mkopo. Tuliangalia huko pia.

Hapa twataka msomaji atusikilize vyema. Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, yasema kwamba mnunuzi akishakagua mali, hana hoja ya masharti yasiyotajwa juu ya ila ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua. Yaani anayezunguka trekta mara moja, akapiga teke tairi na kusema "nimeliona", huenda amejifungia mlango kwa mkono wake. Na katika fiqhi tuliyolelewa nayo, hiyari ya kurudisha ni kwa ila iliyokuwapo kabla ya kukabidhiwa, inayopunguza thamani, na ambayo mnunuzi hakuijua. Naye akishaijua arudishe mara moja, kwani akiendelea kulimia trekta msimu mzima, haki yake imeanguka. Yale maneno ya "linauzwa kama lilivyo" hayamtakasi muuzaji aliyejua na kunyamaza. Lakini atakayekuja kuthibitisha kwamba alijua ni nani, nawe uko Msambweni na yeye yuko Ruiru?

Kwa sababu hiyo tuliomba hiyari ya sharti ya siku tatu, ambao ndio mwisho wa muda kwa Imam Shafi. Mzee hakuwa mwenzetu katika dini, lakini alilielewa jambo hilo kuliko baadhi yetu. "Limeni kwangu," alisema, "dizeli yenu." Tuliandikiana kwa karatasi mbili, tukataja kila ila tuliyoijua: mikono, breki, tairi, kifuniko cha shafti. Aliomba laki saba. Ila zile zikashusha bei hadi laki sita na ishirini.

Siku ya pili, baada ya saa nne za kulima mfululizo, bomba la chini la rejeta lilianza kuvuja, jambo ambalo asubuhi ya kwanza halikuonekana. Mzee alilitazama, akaingia ndani, akatoka na fedha za bomba jipya bila ya kuambiwa.

Siku ya tatu jioni tulitimiza malipo benki, na jina likahamishwa kabla ya lori kupakia. Msambweni bibi yetu mjane alilizunguka trekta mara mbili, akiwa na mtandio wake kichwani, akauliza swali moja: "Mwanangu, kwa saa linakula lita ngapi?" Kijana hakujua. Bibi akamwamuru anunue daftari. Sasa liko juu ya meza yetu tukiandika haya, na ukurasa wa kwanza una tarehe, saa za mita, kipimo cha oili, na lita za dizeli, kwa mwandiko wa kijana na saini ya bibi.