Upinde wa Mtambo wa Wafang na Msamiati wa Kuueleza

Mwanafunzi wa Kiswahili akitakiwa kueleza silaha za kale, aghalabu hutaja upinde na mshale kisha akakwama. Hali hiyo inashangaza, kwani msamiati upo. Upinde huitwa pia uta. Kamba yake ni upote. Ufito wa mshale ni wano. Ncha yake ni kigumba au chembe. Na mishale hutiwa katika podo au ziaka. Makala haya yanayapima maneno hayo kwa chombo ambacho Waswahili hawakukiunda: upinde wa mbao wenye mtambo, uliotengenezwa na Wafang wa Gaboni, Guinea ya Ikweta na kusini mwa Kameruni. Wafang nao ni wasemaji wa lugha ya Kibantu.

Msafiri Paul Du Chaillu aliueleza upinde huo katika kitabu chake cha mwaka 1861. Mwili wake ni mti mrefu mfano wa bunduki isiyo na mtutu. Karibu na ncha ya mbele hutobolewa tundu, na upinde mfupi, mnene, hupitishwa humo ukakazwa. Juu ya mti huchongwa mfuo wa kulaza mshale, na nyuma ya mfuo hukatwa pengo la kuuzuia upote. Upinde wenyewe ni mgumu mno hata mwindaji hulazimika kuketi chini, akaukanyaga kwa nyayo zote mbili na kuuvuta upote kwa mikono miwili.

Ufundi hasa umo katika kufyatua. Mti ule hupasuliwa kwa urefu kuanzia kwenye tako, ukawa kama koleo lenye taya mbili. Katika taya la chini hukitwa kijiti cha wima ambacho hupenya tundu la taya la juu na kutokea pale penye pengo. Taya zikiachana, kijiti hushuka na upote hutulia ndani ya pengo. Mwindaji akizibana kwa mkono, kijiti hupanda, huusukuma upote nje, na mshale huruka. Hakuna chuma wala springi.

Mwaka 1909 Henry Balfour, mtunzaji wa Makumbusho ya Pitt Rivers mjini Oxford, aliandika kuhusu asili ya pinde hizi, akaulinganisha mtambo wake na ule wa Norwe. Hata kama wazo lilifika pwani kwa merikebu za Wazungu, kulitekeleza kwa mbao tupu ni kazi ya fundi anayezijua nyuzi za mti. Anayechonga kielelezo kidogo nyumbani hulitambua hilo mapema: mpasuko ukikosa kufungwa kwa kamba pale unapokomea, huendelea mbele na mti mzima ukawa vipande viwili. Mbao yenye fundo nayo haifai, kwani mpasuko hukengeuka.

Je, msamiati wetu unatosha? Upote na wano vinaingia bila taabu. Kigumba kinakataa. Mishale ya Wafang mara nyingi ilikuwa vijiti vyepesi vilivyochongoka tu, bila chuma, na nguvu yake ilikuwa katika sumu ya mimea. Kuvipa vijiti hivyo kigumba ni kuvizulia kitu ambacho havikuwa nacho. Vilikuwa vyepesi kiasi kwamba, kwa maelezo ya Du Chaillu, mfuo ulipakwa ulimbo kidogo ili upepo usivipeperushe.

Kuhusu jina la chombo kizima, wapo watakaopendelea "upinde msalaba", ambalo ni tafsiri sisisi ya jina la Kiingereza. Tafsiri hiyo inataja umbo na kukisahau kitendo. "Upinde wa mtambo" ni bora zaidi, kwa sababu neno mtambo limekwisha kutumika kwa mtego na kwa kifaa cha kufyatulia bunduki, na vyote viwili hushikilia nguvu mpaka iachiliwe. Tako nalo limekopeka vizuri kutoka kwenye tako la bunduki.

Kinachobaki bila jina ni kijiti kile cha wima. "Kifyatuo" kinaweza kufaa, ingawa kitamvutia msomaji kudhani kwamba huvutwa kwa kidole, hali mwindaji hakigusi kabisa: yeye hubana taya tu.